Mkopo wa serikali kwa stashahada: kazi kubwa iko kwenye makaratasi

Simu hizi huja usiku.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Dirisha la mkopo linafungwa kesho na cheti changu cha kuzaliwa kimekataa."

"Marahaba. Kimekataaje? Ulichonacho ni cheti au ni tangazo?"

Kimya kidogo. Kisha: "Juu kimeandikwa tangazo, mwalimu."

Hapo sina la kumsaidia usiku huo, wala kesho yake. Kijana amefaulu, chuo amepata, mama yake anauza vitumbua, na mkopo unampita kwa karatasi ambayo angeweza kuishughulikia tangu Januari. Nimepokea simu za namna hii mara nyingi kiasi kwamba mwongozo huu nimeamua kuupanga kwa mizani tofauti na ulivyozoea. Ile sehemu ya kompyuta, ambayo kila mtu anaiogopa, nitaipita haraka. Kwenye makaratasi tutakaa, kwa sababu ndiko watu wanakokwama.

Ninaowalenga ni mnaokwenda vyuo vya kati kusomea fani: uuguzi, maabara, umeme, madini, mifugo na mengineyo, kwa ngazi ya stashahada. Mkopo wenyewe unatolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kwa muda mrefu Bodi ilijulikana kama ya watu wa digrii. Mlango wa stashahada kwa fani za kipaumbele ulifunguliwa mwaka wa masomo 2023/24, serikali ilipotenga shilingi bilioni 48 kwa ajili ya wanafunzi wapatao 8,000. Ukigawanya fungu hilo kwa idadi ya wanaojiunga na vyuo vya kati nchi nzima, utaona mapema kwamba si kila mwombaji atapata. Basi usije ukajitoa mwenyewe kwenye foleni kwa kosa dogo.

Hatua ya kwanza: jua kama unachosoma kinakopesheka

Si kila stashahada ina mkopo. Mpango ulipoanza ulitaja maeneo sita: afya na sayansi shirikishi, elimu na mafunzo ya ufundi, usafiri na usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na sayansi ya ardhi, kilimo na mifugo. Stashahada ya uhasibu haimo. Ya uandishi wa habari haimo. Na hata ndani ya maeneo hayo, mwongozo wa mwaka husika huwa na orodha ya programu zenyewe kwa majina. Hiyo orodha ndiyo ya kusoma, tena neno kwa neno. Jina la kozi linaweza kufanana na lililomo kwenye orodha na lisiwe ndilo.

Ushauri wangu ni huu: soma orodha kabla hujachagua chuo. Watu wengi hufanya kinyume. Wanachagua kozi kwa kusikia ina soko, wanalipia fomu, wanapata nafasi, halafu ndipo wanauliza habari za mkopo. Kama unajua nyumbani hawana uwezo wa kukulipia, swali la mkopo liingie siku ileile unapochagua kozi.

Vigezo vingine ni vya kawaida. Uwe Mtanzania. Uwe umedahiliwa kwa masomo ya muda wote kwenye chuo kinachotambulika. Kwa vyuo vya kati mwenye sauti ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na ukaguzi wa kama chuo chako kimesajiliwa unaufanya mwenyewe kwenye tovuti yao, usikubali neno la mtu aliyekuletea kipeperushi stendi. Usiwe na ajira wala kipato cha kukutosha kujisomesha. Na umri: miongozo ya Bodi imekuwa ikiweka ukomo wa miaka 35. Pia huwa inaangalia umemaliza shule lini, kwa hiyo kama umekaa nyumbani miaka mingi tangu kidato cha nne, soma kipengele hicho kabla hujalipa senti.

Sasa, wale wa VETA. Naulizwa sana, na jibu huwa linawaudhi: kozi za ufundi stadi, zile za ngazi ya kwanza hadi ya tatu, hazimo kwenye mkopo huu wa stashahada. Lakini tazama upande wa pili. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hapo kinachouma ni nauli, vifaa na chakula, maana ada yenyewe ni ndogo. Kuna pia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile ya uanagenzi, ambapo serikali hulipia gharama za mafunzo kwa vijana waliochaguliwa. Matangazo yake hutoka kwa msimu, fuatilia. Na kama macho yako yako DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, uliza ofisi ya udahili juu ya ada kabla ya yote, kwa sababu bajeti ya 2023/24 ilitangaza kufuta ada kwenye vyuo hivyo vitatu kwa wanafunzi wa ufundi. Usikope ada ambayo hudaiwi.

Ile "asilimia 10 ya halmashauri", sehemu ya mapato yake inayotengwa kwa kukopesha, nayo huchanganywa na habari hii. Ni mkopo, kweli, na hauna riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila ni wa kikundi chenye mradi. Utakusaidia ukishahitimu na unataka mashine ya kuchomelea. Karo haulipi.

Hatua ya pili: makaratasi, na hapa tutulie

Toa cheti chako cha kuzaliwa kwenye bahasha uliyoifungia sandukuni. Kisome juu. Kama kimeandikwa "tangazo", hicho ulichopewa hospitali ulipozaliwa ni taarifa tu kwamba mtoto kazaliwa. Hakiwi cheti hata ukikiwekea plastiki. Unakwenda nacho ofisi ya mkuu wa wilaya ya mahali ulipozaliwa, kwenye dawati la RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kuomba cheti. Kama hata tangazo huna, safari ni ndefu zaidi: watataka vielelezo vingine vya kuonyesha ulizaliwa wapi na lini na wazazi wako ni nani, kama vyeti vya shule, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi na barua ya mtendaji. Hati ya kiapo ya kuzaliwa iliyogongwa muhuri na wakili, ambayo zamani ilipita kila mahali, usiitegemee.

Ukishakuwa na cheti, kinafuata kitu kinaitwa uhakiki. Bodi haisomi cheti chako na kukiamini kwa macho. Inataka RITA waseme kwamba namba iliyo juu yake ipo kwenye daftari lao na ni ya kwako. Maombi ya uhakiki yanafanywa kwa mtandao wa RITA: unapakia nakala, unalipia, unasubiri. Waliozaliwa Zanzibar wanahakikiwa na ZCSRA, mamlaka ya usajili ya huko. Msimu wa mikopo foleni inakuwa ya nchi nzima, na mfumo unalemewa. Mtu aliyeomba uhakiki mwezi wa tatu anajibiwa akiwa anakunywa chai. Aliyeomba wiki ya mwisho ndiye anayenipigia usiku.

Halafu majina. Ah, majina!

Chukua vyeti vyako vyote, vitandaze mezani kwa mstari: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA kama unacho, barua ya udahili. Soma jina herufi kwa herufi, ukiweka kidole. Cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Hamisi Saidi. Cha nne kinasema Mwanahidi Hamis Said. NIDA imeandika Mwanaidi Hamisi, la tatu ni la ukoo wa babu ambalo hukuwahi kulitumia darasani. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja, na mwalimu aliyejaza fomu za mtihani hakuona shida yoyote. Kwenye mfumo hao ni watu watatu.

Jina linalotawala ni la cheti cha kidato cha nne, kwa sababu ndilo linalokwenda na namba yako ya mtihani. Kwa hiyo ukitaka kurekebisha, rekebisha vingine vifuate hilo. Herufi moja au mbili kwenye cheti cha kuzaliwa husahihishwa huko huko kilikotolewa. NIDA nao wana utaratibu wao wa kurekebisha taarifa. Tofauti kubwa, mfano jina zima limebadilika kwa sababu ulilelewa na mjomba ukasomeshwa kwa jina lake, inahitaji wakili na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Haya yote hayamalizwi kwa wiki. Mdogo wangu mwenyewe alipoteza mwezi mzima kwa ajili ya "h" moja, na mwezi huo ulikuwa na nauli ndani yake.

Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vilevile. Familia nyingi zinabaki na kibali cha mazishi tu, kile kikaratasi kilichotolewa ili mwili uzikwe, wakadhani ndicho. Sicho. Kwa kibali hicho unakwenda kuomba cheti cha kifo. Inauma kurudi kwenye jambo hilo, hasa kama mzazi alifariki zamani na mjane hataki kulikumbuka, lakini uyatima ni kati ya mambo yanayoongeza uzito wa ombi lako, na uzito huo hauhesabiwi kwa maneno matupu.

Jambo hili nalisema wazi kwa sababu naliona kila mwaka: baba aliyeondoka nyumbani ukiwa na miaka mitatu na hajulikani aliko si marehemu. Kijana anamwandika "amefariki" kwa hasira au kwa kuona ni njia ya mkato, kisha mfumo unadai namba ya cheti cha kifo ambacho hakipo, au mbaya zaidi anatafutiwa cha kughushi. Andika ukweli: unalelewa na mama, kipato chake ni hiki. Fomu hii inathibitishwa mbele ya kamishna wa viapo. Uongo uliomo ndani yake una mashtaka yake.

Vielelezo vingine vinategemea hali yako. Kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, kuna fomu maalumu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Isakwe mapema maana mganga mkuu hakai ofisini kukungoja. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya, usiridhike na "sisi tunapokea". Kama sekondari ulisomeshwa na kanisa, msikiti, shirika au mfadhili mwingine, pata barua yao inayosema hivyo. Hii ya mwisho watu huipuuza. Anayekadiria uwezo wa familia yako akiona ulisoma shule ya kulipia, na hakuna barua ya kueleza nani alilipa, atadhani alilipa baba.

Hatua ya tatu: vitu vidogo vinavyoangusha watu wakubwa

Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo jina lako mbele ya Bodi. Iandike pamoja na mwaka. Kama ulirudia mtihani una namba mbili au tatu. Tumia ileile uliyoombea chuo. Ukiombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, orodha ya waliodahiliwa na orodha ya waombaji mkopo hazitakutana, nawe utabaki ukitazama simu wakati wenzako wanapangiwa. Waliosoma nje ya nchi wanatafuta kwanza ulinganifu wa matokeo NECTA, baraza la mitihani.

Laini ya simu iwe yako, imesajiliwa kwa jina lako, na usiitupe baada ya ofa kuisha. Baruapepe iwe yako pia. Neno la siri liandikwe kwenye daftari ambalo halitafungiwa maandazi. Nasema hivi kwa sababu ya steshenari. Kijana anakwenda steshenari, mhudumu mkarimu anamfungulia kila kitu kwa baruapepe ya duka na neno la siri analolijua yeye peke yake. Miezi mitatu baadaye kuna marekebisho ya kufanya, steshenari imehama, mhudumu kaolewa Kahama. Kaa pembeni yake. Andika wewe. Mhudumu akusaidie kuskani na kuchapa, akaunti iwe ya kwako.

Mdhamini: mtu mzima anayekubali kuandikwa kuwa anakufahamu na anakudhamini kwenye deni hili. Mzazi anafaa. Utahitaji picha yake ndogo, nakala ya kitambulisho chake na sahihi yake. Mweleze anachosaini. Kumletea bibi karatasi na wino wa dole gumba bila maelezo si heshima, hata kama atakubali kwa mapenzi.

Akaunti ya benki ifunguliwe kwa majina yale yale ya kidato cha nne. Unaona tunavyorudi palepale.

Hatua ya nne: kujaza

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Bodi unaoitwa OLAMS. Dirisha la stashahada hutangazwa na Bodi yenyewe, na siku zake hazina urefu wa kutegemea: mara ya kwanza, Oktoba 2023, lilitangazwa kwa takribani wiki mbili tu. Kila tangazo huja na mwongozo wake. Pakua mwongozo wa mwaka huo na wa ngazi yako. Mwongozo wa shahada ya kwanza una mambo yanayofanana na wako na yasiyofanana, na kuna watu wameshindwa mtihani huu wa kusoma jalada.

Unajisajili kwa namba ya mtihani, mfumo unakupa kontroli namba, unalipia ada ya maombi kwa simu au benki. Ada hiyo imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi, iwe umepata au umekosa. Hakuna malipo mengine. Anayekuomba "ya kusukuma faili" ni kishoka, na faili lenyewe hajawahi kuliona.

Baada ya hapo ni maswali: wewe, shule ulizosoma, wazazi, kazi zao, mdhamini, benki, chuo. Penye kazi ya mzazi usiandike "mjasiriamali" kama anauza mkaa kwa debe nje ya nyumba. Neno hilo limekuwa kama suti ya kuazima, linamfaa mwenye duka la jumla na mwenye beseni la ndizi. Andika anachofanya. Usipunguze wala usikuze.

Pakia picha na vielelezo vinavyosomeka. Skani bapa, si picha ya simu yenye kivuli cha mkono. Kabla hujabonyeza pa mwisho, soma yote tena kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu mwingine. Macho yako yameshazoea makosa yako.

Hatua ya tano: sahihi na mihuri

Fomu ikikamilika unaichapa, na sasa unakwenda kwa miguu. Serikali ya mtaa au kijiji, au sheha kwa Zanzibar: anathibitisha kwamba unakaa pale na anakufahamu. Mdhamini: anasaini. Kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu: anashuhudia na kugonga muhuri. Wewe: unasaini pia, na usicheke, wapo wanaosahau sahihi yao wenyewe.

Beba kalamu yako ya wino. Kabla hujaondoka kwenye kila ofisi, angalia vitu vitatu: sahihi, tarehe, muhuri unaosomeka. Muhuri uliogongwa kwa wino uliokauka ukiskaniwa unageuka doa la kijivu. Mwombe mwenyekiti kwa adabu agonge tena. "Shikamoo mzee, naomba unisaidie, muhuri haujatokea vizuri" haijawahi kumkera mtu.

Kurasa zenye sahihi unaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Watu wanasaini, wanafurahi, wanaweka fomu kwenye begi, wanalala. Ombi halijafika! Mpaka umepakia kurasa hizo na mfumo ukaonyesha kwamba maombi yamekamilika, wewe hujaomba kitu. Piga picha ya ukurasa huo wa mwisho, na nakala ya fomu nzima ikae nyumbani.

Hatua ya sita: kusubiri, na kukata rufaa

Majina hutoka kwa awamu. Kukosa awamu ya kwanza si kukosa mkopo. Ingia kwenye akaunti yako, ile inayoitwa SIPA, mara kwa mara, kwa sababu hapo ndipo utaambiwa kama kuna kasoro ya kurekebisha, na muda wa kurekebisha huwa mfupi. Orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usizihangaikie. Ukipata kitakuwa kwenye akaunti yako.

Kinachotolewa kimegawanyika: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya fani, mafunzo kwa vitendo. Unaweza kupata vyote au baadhi, na kwa kiwango kinachotokana na Bodi ilivyoipima familia yako. Soma mgawanyo huo kwa makini kabla ya kusherehekea. Nimeona mtu amepata fedha ya chakula na malazi bila ada, akatumia yote akidhani chuo kimeshalipwa, na muhula wa pili akafungiwa nje ya mtihani.

Ukikosa, au ukipata kisichotosha, lipo dirisha la rufaa. Rufaa si barua ya kulia. Ni nafasi ya kuleta kielelezo ambacho hakikuwepo: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili. Kama huna jipya la kuweka mezani, nenda kwanza ofisi ya kanda ya Bodi iliyo karibu nawe, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya au Zanzibar, uulize kilichopungua. Kuuliza ni bure, na ana kwa ana unapata jibu ambalo simu haitoi.

Hatua ya saba: chuoni

Ukifika chuo, mtafute afisa mikopo wiki ya kwanza. Fedha haiji kwako mpaka chuo kithibitishe kwamba umesajiliwa na wewe umesaini. Bumu, kama wanafunzi wanavyoliita, linaingia kwa mafungu, na asiyesaini kwa wakati fedha yake hurudi ilikotoka. Kuifuata huko ni safari nyingine.

Usiachie masomo kimyakimya. Ukiugua, ukapata ujauzito, ukafiwa, andika barua rasmi ya kuahirisha na uhakikishe chuo kimeiarifu Bodi. Aliyeondoka bila taarifa anahesabiwa ameacha, na saa ya deni inaanza kuhesabu. Kurudia mwaka nako kunasimamisha fedha, kwa hiyo somo lililokushinda lisemee mapema kwa mwalimu.

Kuhusu matumizi nina neno moja tu, maana wakubwa wenu wameshawahubiria vya kutosha. Fungu la chakula ligawe kwa siku zilizobaki mpaka fungu linalofuata, siku ileile linapoingia, kabla hujanunua viatu.

Hatua ya nane: kulipa

Hili ni deni. Nalisema kwa sababu mtaani bado kuna imani kwamba fedha ya serikali haidaiwi. Inadaiwa, na mdhamini wako jina lake limo.

Habari njema ni kwamba masharti yamelegea. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiumisha deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Na muda wa kujipanga kabla ya kuanza marejesho uliongezwa kutoka mwaka mmoja hadi miaka miwili baada ya kuhitimu.

Hesabu yake ni hii. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme umepata kazi kwenye zahanati, mshahara wa msingi shilingi 600,000: makato ni 90,000 kwa mwezi. Kama ulikopa jumla ya milioni 4, utamaliza kwa miezi 45 hivi, chini kidogo ya miaka minne. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Kwa 100,000, deni hilohilo linaisha kwa miezi 40. Kwa fundi anayeanza, laki moja kwa mwezi si mchezo, kwa hiyo miaka miwili ya kujipanga usiilale. Kinyozi mmoja jirani yangu, msomi wa mifugo asiyepata kazi ya fani yake, alikuwa anatenga elfu tatu kila jioni kwenye kopo, na mwisho wa mwezi anapeleka benki.

Sheria inamtaka mwajiri aiarifu Bodi ndani ya siku 28 anapoajiri mhitimu. Waajiri wengine hawafanyi hivyo. Usifurahie. Jitokeze mwenyewe, kwa sababu deni halifutiki kwa kufichwa. Na kuanzia mwezi wa kwanza wa makato, weka kila hati ya mshahara. Linganisha kilichokatwa na kilichoingia kwenye taarifa ya deni lako. Ikitokea mwajiri amekata na hakupeleka, hati hiyo ndiyo ushahidi wako. Ukimaliza, omba uthibitisho wa maandishi kwamba deni limekwisha, kisha angalia hati ya mshahara ya mwezi unaofuata kama kweli wameacha kukata.

Uthibitisho huo uweke kwenye bahasha ileile yenye cheti cha kuzaliwa. Wadogo zako watakuja kuuliza ulipitia wapi.